Uuguzi wa Shule: Jinsi Ulivyoanza New York



Katika taarifa hii ya mwaka twapenda kuwaletea habari ya zamani yenye mafunzo kwa chama kama chetu, nayo ni habari ya uuguzi katika shule za serikali za mji wa New York, nchi ya Marekani.

Miaka ile mtaa wa Lower East Side ulijaa wahamiaji maskini kutoka Ulaya, jamaa nzima wakisongamana katika vyumba viwili vitatu. Tangu mwaka wa 1897 mji ulikuwa na matabibu wa kukagua watoto shuleni. Tabibu alipoona mtoto ana trakoma ya macho, upele, choa au chawa, alimrudisha nyumbani, na kazi yake iliishia hapo. Mama wengi hawakujua Kiingereza, wala hawakuwa na fedha za dawa. Na mtoto aliyetengwa na wenziwe asubuhi alicheza nao barabarani jioni. Kwa hiyo maradhi yaliendelea na masomo yalipotea. Mwezi wa Septemba 1902 peke yake, watoto 10,567 walirudishwa nyumbani.

Ndipo Bibi Lillian Wald, mwuguzi aliyeanzisha nyumba ya huduma ya Henry Street mwaka wa 1893, alipojitolea kuwaazima wakuu wa mji mwuguzi mmoja kwa mwezi mmoja. London ilikwisha kuwa na wauguzi wa namna hiyo katika miaka ya 1890, lakini shule za New York hazikuwa nao. Aliyechaguliwa ni Bibi Lina Rogers, mzaliwa wa Kanada. Mwezi wa Oktoba 1902 alipewa shule nne zenye watoto wapatao 10,000. Vidonda vidogo alivisafisha na kuvifunga pale pale shuleni, mtoto akarudi darasani. Wengine aliwafuata nyumbani kwao, akamwonyesha mama namna ya kuosha na kupaka dawa. Na aliyehitaji tabibu alielekezwa zahanati.

Mwezi ulipokwisha, wakuu wa mji waliiona faida, wakaajiri wauguzi wengine kwa fedha za mji. Septemba 1903 watoto waliorudishwa nyumbani walikuwa 1,101 tu.

Twaona hapa jambo la kuzingatia. Nyumba ile ya huduma haikuwa na uwezo wa kulipa wauguzi wa shule zote. Ilitoa mtu mmoja kwa muda mfupi, kazi yake ikahesabiwa, na hesabu ile ikamsadikisha mwenye hazina kuichukua kazi iwe yake.

Kwetu Kenya, mwaka wa 2012 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kuwapa watoto dawa za minyoo shuleni kwa mikono ya walimu, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo dawa hiyo hutolewa kwa siku maalum, na jicho lenye usaha au mguu wenye funza hauwezi kuingoja siku hiyo.

Basi twawaomba wanachama wa kila tawi wamwendee mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, wamwulize ni watoto wangapi waliokosa masomo kwa ugonjwa muhula uliopita, na ni nani aliyewafuata nyumbani. Hesabu hizo ziletwe katika mkutano mkuu, ili tunapoomba mwuguzi tuwe na ushahidi mkononi.