Mjadala wa Vyoo Sio Mgeni Pwani: Nani Anasimama Mlangoni?

Tangu Aprili 2025 kila nikifungua simu nakutana na Waingereza wanazozana kuhusu vyoo. Tarehe 16 mwezi ule Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba neno "mwanamke" katika sheria yao ya usawa ya mwaka 2010 linamaanisha jinsia ya kuzaliwa. Basi, vijana wetu wa Ukunda na Diani nao wakaingia ulingoni, huyu timu hii, yule timu ile, wakibishana kwa maneno ya London kana kwamba huku kwetu hatujawahi kuulizana nani aingie wapi. Aisee, tumeulizana karne na karne. Tuna majibu yetu, mengine ya busara, mengine ya aibu, na moja la aibu lilitoka hapa hapa Ukunda. Nitalifikia.

Harusi kwanza. Usiku wa wanawake, iwe Msambweni, Gazi au Tiwi, mabuibui yanavuliwa, kupiga picha ni marufuku, na mlangoni kuna mama fulani amekaa kwenye kiti cha plastiki kama askari wa benki. Yule mama hampapasi mtu. Anauliza tu: wewe mtoto wa nani? Umekuja na nani? Ukijibu unapita. Mimi ni msichana, nimekulia kwenye kumbi hizo, na atakayeniambia wanawake hawana haja ya mahali pao peke yao nitajua hajawahi kumuona shangazi wa miaka 60 akicheza chakacha bila kuogopa macho ya mtu. Chumba kile ni mali. Kwa hiyo msinisome kama nimekuja kuvunja mlango.

Lakini chumba kile kilikuwa na wageni ambao wengi wetu hatuhadithiwi. Mwaka 1977 mwanaanthropolojia Unni Wikan aliandika kuhusu mji wa Sohar, Oman, na watu walioitwa khanith: wamezaliwa wanaume, lakini wanakaa na wanawake, na wanawake hawajifuniki uso mbele yao. Wikan akasema hao ni kama jinsia ya tatu. Mwaka uliofuata Gill Shepherd, aliyekuwa amefanya utafiti Mombasa, akambishia. Mombasa aliwajua mashoga walioshiriki sherehe za harusi za wanawake, na kwa maoni yake mambo hayo yaliendeshwa na pesa na cheo, nani anamtegemea nani, wala hakuna jinsia ya tatu pale. Wasomi wabishane. Mimi nachukua hili moja: mama wa mlangoni alikuwa na akili yake mwenyewe, na alijua kuamua nani anapita na nani anarudi.

Na neno lenyewe je? Shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, mtu wa siri zako. Bibi zetu walisema "shoga yangu" bila kupepesa jicho. Leo ukimwita kijana hivyo pale stejini Ukunda unaweza kumletea kipigo. Neno la chumba cha wanawake limegeuzwa jiwe.

Sasa huntha. Hapa watu hutia vitu vitatu kwenye sufuria moja, hebu tuvitoe. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayaangukii wazi upande wa kike au wa kiume. Aliyebadili jinsia, anayeishi kama mwanamke ilhali alizaliwa mwanamume au kinyume chake, ni jambo lingine. Mwanamume anayependa wanaume ni jambo la tatu.

Huntha ndiye aliyewashughulisha masheikh, na wengi tuliopita madrasa hatukufikishwa ukurasa huo. Pwani yetu ni ya Kishafii. Imam Nawawi, mwenye Minhaj, alifariki mwaka 1277, na vitabu vya madhehebu hayo vinamzungumzia huntha kwa makini ya ajabu. Anasimama wapi kwenye swala ya jamaa? Nyuma ya wanaume na watoto wa kiume, mbele ya wanawake. Anarithi vipi? Kila mrithi anapewa fungu dogo lenye uhakika, na lenye shaka linawekwa mpaka mambo yabainike. Akikaa na wanaume au na wanawake? Pande zote mbili zinachukua tahadhari. Na jinsia yake itajulikanaje? Wanaangalia mkojo unatoka wapi, wanaangalia alama za kubalehe, na alama zote zikikataa, mwenyewe anaulizwa moyo wake unaelekea wapi. Akishasema, neno lake linashikwa na harudi nyuma.

Siwauzii hayo kama sheria ya leo, na aliyebadili jinsia hayumo katika hukumu hizo, msinibebeshe nisichosema. Ninachowaonyesha ni watu wa miaka 700 iliyopita, wakali wa kutenganisha wanaume na wanawake kuliko nyinyi nyote, na bado walimtafutia mtu huyu safu yake ya kuswali. Hawakumwambia hayupo.

Serikali ya Kenya ilimwambia hayupo. Mwaka 2005 mtu anayejulikana katika kumbukumbu za mahakama kama R.M. alikamatwa Kitui kwa wizi wa mabavu. Ni huntha, na hakuna aliyejua ampeleke selo gani. Mwishowe akafungwa Kamiti, jela ya wanaume, akivuliwa nguo na kupekuliwa mbele ya wafungwa wengine. Alienda Mahakama Kuu, na Desemba 2010 majaji wakasema ametendewa unyama na kudhalilishwa, alipwe shilingi 500,000. Ila wakakataa kutambua jinsia ya tatu. (Mimi niliacha chuo, lakini hukumu hizi zipo wazi mtandaoni, kuzisoma hakudai digrii.)

Swali la nani aingie wapi liliingia katika sheria zetu kupitia mlango wa selo, pale ambapo mtu hana uwezo wa kusema "basi mimi narudi nyumbani". Na kutoka kwa R.M. mambo yalisogea. Mwaka 2014 ilipitishwa sheria ya watu walionyimwa uhuru, ambayo inamtaja huntha, inataka azuiliwe peke yake, na inampa haki ya kuchagua apekuliwe na afisa wa jinsia gani. Desemba mwaka huo huo Jaji Isaac Lenaola aliamua kesi ya Mtoto A, ambaye karatasi zake za hospitali ziliwekewa alama ya kuuliza mahali pa jinsia. Alama ya kuuliza! Sensa ya 2019 ikawahesabu huntha kwa mara ya kwanza, 1,524 nchi nzima, na sheria ya watoto ya 2022 ikawataja watoto wao.

Sasa Ukunda. Februari 2015, Kwale yetu hii, wanaume wawili walikamatwa kwa kushukiwa kuwa wanafanya mapenzi wao kwa wao. Mahakama ya Ukunda ikatoa amri, wakapelekwa hospitali kuu ya mkoa kule Mombasa, wakakaguliwa sehemu ya haja kubwa na kupimwa damu, ili serikali ipate "ushahidi". Walipopinga, Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2016 ikasema hakuna kosa lililofanyika. Mpaka tarehe 22 Machi 2018 ndipo Mahakama ya Rufaa ikasema ukaguzi ule ulivunja haki zao. Miaka mitatu.

Wale hawakuwa huntha, na kesi haikuhusu vyoo. Naiweka hapa kwa sababu mkono ni ule ule. Kamiti walimvua R.M. wajue ni nani, Ukunda wakawafungua hawa wajue ni nani. Na Eldoret mwaka 2019 alikamatwa mtu aliyebadili jinsia, anaishi kama mwanamke, akashtakiwa kwa kujifanya mtu mwingine, naye akapelekwa hospitali kukaguliwa mwili. Agosti 2025 Jaji Reuben Nyakundi akaamuru alipwe shilingi milioni moja, na akaitaka serikali iandae sheria ya kuwalinda watu kama yeye.

Najua swali lenu, kwa sababu ni swali langu pia. Mwanamume akivaa buibui akaingia tulipo? Hofu hiyo si ya kuchekwa, na msichana yeyote aliyepanda matatu ya usiku kutoka Likoni anaijua. Mwanamume anayeingia kutudhuru ni mhalifu hata akija na kanzu, ashikwe. Nataka kumbi zetu, mabweni yetu na selo za wanawake zibaki za wanawake, na hilo silionei haya.

Ila mkisema "wakaguliwe", nauliza nani anakagua na anakagua nini. Mkaguzi hataanza na tapeli. Ataanza na msichana mwenye sauti nzito, mwenye bega pana, asiye na kifua. Riadha imeshatuonyesha. Margaret Wambui alituletea shaba ya mita 800 kutoka Rio 2016, kisha kanuni za homoni zikamfungia mbio zake. Hajawahi kuwa mwanamume, amezaliwa na kulelewa msichana. Tangu Septemba 2025 kila mwanamke anayetaka kukimbia mashindano ya dunia lazima apimwe jeni kwanza. Labda riadha ina sababu zake, kuna medali na pesa pale, na sitajifanya jambo hilo ni rahisi. Lakini choo cha shule Lunga Lunga hakina medali.

Alichoagiza jaji kikifika Bungeni, wabunge wetu wanne, wa Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango, watakuja na hotuba zile zile za mila na dini. Wakija barazani kwenu muulizeni jambo moja tu: mlangoni mtamweka nani, na mmemruhusu kumgusa nani?