Agnes Atakaye, Mama wa Mrumbi

Leo twapenda kuwasimulia habari za mwanamke ambaye mwanawe alimwaga damu katika nchi yenu ya Fizi.

Jina lake Agnes Atakaye. Sikieni jina hilo: kwa Kiswahili ni neno lisilomalizika. Atakaye nini? Waandishi wa zamani nao hawakulimalizia. Walieleza sana matendo ya mumewe, na mke wakampa mstari mmoja.

Mume huyo ni Ludovic Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842, hapo kwanza askari wa Baba Mtakatifu. Siku zile misafara ya watumwa ilizunguka Ziwa Tanganyika pande zote. Mapadre Weupe walijenga misioni Mulweba mwaka 1880, kisha Kibanga mwaka 1883, karibu na rasi ya Ubwari mnayoijua wenyewe, wakawakomboa watoto waliouzwa. Kardinali Lavigerie alimtuma Joubert awe mlinzi wao. Mwaka 1887 akafika Mpala, upande wa kusini, asirudi tena Ulaya.

Tarehe 13 Februari 1888 alimwoa Agnes. Hapa twawaomba mtulie kidogo. Wazungu wengi wa siku zile walikaa na wanawake wa nchi bila ndoa, kisha wakaenda zao. Hata baadaye serikali ya Wabelgiji iliwanyang'anya mama wengi watoto wao machotara, ikawatia katika nyumba za misioni. Ilipofika mwaka 2019 ndipo waziri mkuu wa Ubelgiji alipoomba radhi. Lakini Agnes aliolewa mbele ya altare, kwa sakramenti ile ile wapewayo mabinti wa wafalme. Alikuwa mke, si suria. Watoto wake walilijua jina la baba yao, nao walilelewa na mama yao.

Wakakaa Saint-Louis ya Mrumbi, kijiji cha watu waliokimbilia ulinzi. Wafanya biashara ya watumwa walikijia kwa silaha. Wanaume walioandika habari za vita hivyo walihesabu bunduki. Sisi twadhani kwamba katika kijiji kama hicho ilimpasa mtu kuhesabu pia vyungu na midomo. Ng'ambo ya Afrika, katika Sierra Leone, Wakrio ni wazao wa watu waliotolewa utumwani, ambao mji wao Freetown ulianzishwa mwaka 1792. Mtu aliyenyang'anywa ukoo hana babu wa kumtaja. Nyumba ya kwanza ya ndoa ndiyo mwanzo wa ukoo wake. Ndivyo ilivyokuwa Mrumbi pia.

Tarehe 18 Oktoba 1908 Agnes alimzaa Albert. Ilikuwa miaka 20 tangu harusi. Basi ajuaye mambo ya uzazi ataona kwamba bibi arusi yule alikuwa binti mdogo sana. Joubert alifariki tarehe 27 Mei 1927, Albert akiwa kijana wa miaka 18. Tarehe 6 Oktoba 1935 kijana huyo alipata upadre.

Tena akaja kutumika kwenu. Tarehe 28 Novemba 1964, siku za maasi, waasi walimpiga risasi Bruder Vittorio Faccin mbele ya kanisa la Baraka. Padre Luigi Carrara akapiga magoti karibu na maiti ya ndugu yake, akauawa papo hapo. Siku ile ile, huko Fizi, wakamwua Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert. Wale watatu walitoka Italia. Albert alikuwa mzaliwa wa ziwa hili hili, mwana wa mwanamke Mwafrika.

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri. Habari za maisha ya Mwenyeheri Albert huanza kwa majina mawili: Ludovic, baba yake, na Agnes Atakaye, mama yake.