Bradikadia: moyo uendao polepole tuuiteje?

Jioni moja mama alijipima presha sebuleni, nami nimekaa pembeni yake. Mashine ilijaza mkanda upepo, ikautoa, kisha ikaonyesha namba tatu: 128, 76 na 44. Mama akasoma mbili za kwanza kwa sauti, akafurahi. "Presha yangu nzuri, mwanangu. Dawa inafanya kazi." Akaanza kuvua mkanda. Ile namba ya tatu, iliyokaa chini kabisa karibu na kialama cha moyo, hakuigusa. Nilipomuuliza, akanijibu, "Hiyo sijui ya nini. Hawajawahi kuniambia."

Hiyo 44 ilikuwa idadi ya mapigo ya moyo wake kwa dakika. Kwa wiki kadhaa alikuwa akilalamika uchovu, na mara mbili alishika ukuta alipoinuka kitandani. Nyumbani tulikuwa tumeshatoa hukumu yetu: ni presha ya kushuka. Tukamwongezea chumvi kwenye mchuzi, mama ambaye kwa miaka anatibiwa presha ya kupanda. Tulikosea vibaya, na kosa letu lilianzia kwenye neno.

Madaktari huiita hali ile bradikadia. Neno limetoka Kigiriki: bradys ni polepole, kardia ni moyo. Kinyume chake ni takikadia, moyo uendao haraka. Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika, na vitabu vingi huita bradikadia chochote kilicho chini ya 60. Mwongozo wa mabingwa wa moyo wa Marekani wa mwaka 2018 uliushusha mpaka huo hadi 50, maana watu wengi wenye afya njema hupita chini ya 60, hasa wakilala. Mkimbiaji wa mbio ndefu anaweza kuwa na mapigo 40 na asidhurike. Kwa hiyo bradikadia ni jina la hali, si jina la ugonjwa. Inakuwa ugonjwa pale ubongo na viungo vingine vinapokosa damu ya kutosha, na mtu akaanza kuona kizunguzungu, kuchoka kupita kiasi, kuishiwa pumzi au kuzimia.

Mwendo wa moyo huanzishwa na kifundo kidogo cha seli kilichopo kwenye chumba cha juu cha kulia. Arthur Keith na Martin Flack walikieleza nchini Uingereza mwaka 1907. Kifundo hicho hutoa umeme hafifu, na misuli ya moyo hujikunja kuufuata. Aliyewahi kusimama ufukweni wakati wa kuvuta juya anaielewa kazi hiyo: anayeimbisha ndiye anayeamua kasi, na akiuvuta wimbo, mikono yote hupunguza. Adrenalini humhimiza mwimbishaji aharakishe. Dawa za jamii ya vizuiabeta, kama atenolol, bisoprolol, carvedilol na propranolol, hukalia vipokezi ambavyo adrenalini ingevikalia. Himizo halifiki, moyo unapunguza mwendo, na mzigo wake unakuwa mwepesi. James Black, Mskoti aliyeongoza ubunifu wa propranolol miaka ya 1960, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, na dawa hizi zimeokoa watu wengi. Mapigo kupungua ni sehemu ya kazi yake. La kuuliza ni yamepungua kiasi gani, na mwenyewe anajisikiaje.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotuachia pengo. Moyo unaokimbia tunajua kuusemea: unakwenda mbio, unadunda, roho iko juu. Moyo wa polepole je? Lugha inatupa moyo uliotulia, na moyo uliotulia kwetu ni heri, ni dalili ya mtu aliyelala bila deni wala ugomvi. Hatuna neno la kila siku la kumwambia mtu kwamba utulivu huo umezidi. Mama hangeweza kushtushwa na jambo ambalo lugha yake inalihesabu kuwa neema.

Basi tuyapime maneno yaliyopo. "Presha ya kushuka" ndilo la kwanza kutoka mdomoni, na ndilo la kwanza kukataliwa. Presha ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa. Mapigo ni hesabu. Presha inaweza kuwa sawa kabisa huku mapigo yakiwa machache mno, kama zilivyoonyesha zile namba za mama. "Mapigo ya chini" yana afadhali, ila wagonjwa wa presha wameshazoea kusema "ya juu" na "ya chini" kwa zile namba mbili za kwanza. Ukimwambia mtu "yako ya chini imeshuka", ataitazama 76. "Moyo mzito" una mwenyewe tayari: ni wa mtu anayesitasita. "Mapigo pungufu" yanahukumu kabla ya kupima, kwani yule mkimbiaji wa 40 hana alichopungukiwa. "Mpwito" ni neno zuri la kamusi kwa mshipa unaogonga chini ya kidole, lakini wengi wetu hulisikia kwenye jipu linalopwita, na linakuja na maumivu yake.

Ninachokipendekeza ni "mapigo ya moyo ya polepole", na mdomoni "mapigo ya polepole". Ni maneno ambayo mtu wa sokoni anayaelewa bila kufafanuliwa, hayagusi presha, na hayatangazi ugonjwa kabla ya daktari. Bradikadia libaki kwenye faili na kwenye vitabu vya wanafunzi wa udaktari. Hakuna ubaya kwa jambo moja kuwa na majina mawili. Tunaandika shinikizo la damu na tunasema presha, na wote tunaelewana. Hata kile kifaa kinachopandikizwa kifuani kuusukuma moyo usiokwenda sawa, watu wamekwisha kukiita betri ya moyo, na kila anayelisikia jina hilo anajua kifaa kinafanya nini.

Neno jingine lenye shida ni "mapumziko". Maandishi ya afya husema "mapigo ya mapumziko", na msomaji anafikiria likizo au nusu ya kwanza ya mpira imekwisha. Maana yake ni mapigo ya mtu aliyekaa kimya dakika tano, ameegemea, miguu imekanyaga sakafu, hajapanda ngazi wala hajatoka kunywa kahawa. Kwa nini tusiseme tu "mapigo ukiwa umekaa"? Namba bila hali yake haina maana: 58 ya aliyekaa na 58 ya aliyetoka kuteka maji si habari moja.

Neno la tatu lilikuwa karibu kutuponza kuliko yote, nalo ni "dawa". Tulipompeleka mama hospitali, alipimwa umeme wa moyo, kisha daktari akamuuliza, "Mama, ukiacha hiki kidonge cha presha, unatumia dawa gani nyingine?" Mama akajibu kwa yakini, "Hakuna." Nikakumbuka kichupa kilichokaa dirishani kwake. Mama ana presha ya macho, na kila asubuhi na jioni hudondoshea matone ya timolol. Daktari alipolisikia jina hilo akaweka kalamu chini. Timolol ni kizuiabeta. Tone huteremka kwa mfereji wa machozi hadi puani, likaingia kwenye damu, na moyo hautambui kama dawa imepitia mdomoni au jichoni. Mama alikuwa akimeza bisoprolol ya kliniki moja na kudondoshea timolol ya kliniki nyingine, na hakuna aliyezijumlisha. Kwake yeye dawa ni kinachomezwa; yale yalikuwa matone tu. Swali lingeulizwa kwa maneno mengine, "unameza nini, unadondoshea nini, unapaka nini, unachoma nini", jibu lingepatikana miezi mingi nyuma.

Daktari alipunguza dozi ya kidonge, na daktari wa macho akabadilisha matone. Yule daktari wa kwanza alitukataza jambo moja kwa mkazo: mtu asiache kizuiabeta ghafla kwa kuogopa namba. Moyo uliozoea kuzuiwa ukiachiwa kwa siku moja unaweza kukurupuka, ukaleta maumivu ya kifua na hata shambulio la moyo. Anayeona mapigo chini ya 50, na hayo si kawaida yake, amwone aliyemwandikia dawa. Aliyezimia, anayeumwa kifua, anayeishiwa pumzi au aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Pia alitufundisha kuhesabu kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, kwa dakika nzima. Kidole gumba kisitumike kuhesabia, kwa kuwa kina mapigo yake. Na mashine nayo hukosea pale moyo unaporuka mapigo.

Mama sasa ana daftari. Amelipigia mistari mwenyewe, safu tatu: juu, chini, mapigo. Juzi alinipigia simu kabla ya alfajiri kupambazuka vizuri, kama ilivyo desturi yake, akanisomea bila salamu ndefu: "Mwanangu, 130 kwa 80, mapigo 58. Nimekaa."