Maiti Aliyerudi Campden

Mke wangu alishika usukani, mimi nikashika ramani. Tulitoka Oxford asubuhi, tukaipita Burford bila kushuka, kwa sababu mwenye siku moja tu katika vilima vya Cotswold hawezi kusimama kila penye kanisa zuri. Waingereza hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo udereva haukuwa shida. Shida ni vijia vyenyewe: vyembamba, vimezungushiwa ua wa miti pande zote mbili, na ukikutana na trekta mmoja wenu lazima arudi kinyumenyume.

Mchana tukaegesha gari Chipping Campden. "Chipping" ni neno la Kiingereza cha kale, maana yake soko, na kilichouzwa hapa kilikuwa sufu. Wafumaji wa Flanders na Italia waliitaka sana sufu ya kondoo wa vilima hivi, na waliokaa katikati ya biashara hiyo wakatajirika. William Grevel, aliyefariki mwaka 1401, amelala ndani ya kanisa la Mtakatifu Yakobo chini ya bamba la shaba linalomsifu kuwa ua la wauza sufu wote wa Uingereza. Nyumba aliyoijenga yapata mwaka 1380 bado ipo barabara kuu, mawe yake rangi ya asali. Karne mbili baadaye akaja Baptist Hicks, muuza hariri wa London aliyemkopesha hata mfalme. Huyu aliwajengea maskini nyumba za kuishi mwaka 1612, na mwaka 1627 akajenga banda la soko ambalo sisi tulijificha mvua ndani yake. Jumba lake la fahari liliteketea mwaka 1645, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, likichomwa na askari wa mfalme waliokuwa wakiondoka.

Matajiri hao ndio wanaotajwa kwenye mawe. Mimi nilikwenda Campden kwa ajili ya watu watatu ambao hawakuwa na kitu.

Tarehe 16 Agosti 1660, William Harrison, mzee wa miaka 70 hivi na msimamizi wa mali za familia ya Hicks, alikwenda kwa miguu Charingworth kukusanya kodi. Ni mwendo wa kilomita tatu hivi. Usiku ukaingia hajarudi. Mkewe akamtuma mtumishi wao, John Perry, akamtafute. Naye hakurudi mpaka asubuhi. Njiani zikaokotwa kofia, ukosi na kitana cha mzee, vimekatwakatwa, ukosi una damu.

Perry alipobanwa maswali, alibadilisha maneno mara kadhaa, kisha akatoa la kushangaza: mzee ameuawa na mama yangu Joan na ndugu yangu Richard, kwa ajili ya fedha. Alisema maiti imetupwa kwenye shimo la maji machafu karibu na kinu. Shimo likachokorwa, mabwawa ya samaki yakatafutwa, hakikupatikana kitu.

Jaji wa kwanza alikataa kusikiliza kesi ya mauaji isiyo na maiti. Lakini Waperry walishauriwa wakiri wizi uliotokea nyumbani kwa Harrison mwaka uliotangulia, kwa kuwa msamaha wa mfalme ungewafunika. Wakakiri, wakasamehewa, na kukiri huko ndiko kulikowaponza. Majira ya kuchipua ya 1661 jaji mwingine alikubali kesi. John sasa alikana yote, akadai alikuwa amerukwa na akili. Wakanyongwa wote watatu juu ya kilima cha Broadway, mama akiwa wa kwanza, kwani watu walimdhania mchawi aliyewafunga wanawe wasiseme kweli.

Mwaka 1662 Harrison akarudi, mzima. Alieleza kwamba wapanda farasi walimteka, wakamtia melini Deal, maharamia wa Kituruki wakamnasa, akauzwa kwa tabibu mmoja mzee karibu na Smirna, kisha akatoroka kupitia Lisbon.

Jioni tulipanda Broadway. Juu kuna mnara wa mwishoni mwa karne ya 18, kondoo, na upepo unaokuvua kofia. Nilimaliza kumsimulia mke wangu hapo. Yeye mzaliwa wa Bagamoyo, hadanganyiki kirahisi kuhusu biashara ya watumwa.

"Baba Nuru, mzee wa miaka 70? Nani ahangaike kumpandisha melini, amlishe njia nzima, halafu amuuze kwa bei gani?"

Nikamwambia hata Sir Thomas Overbury, ambaye maelezo yake ya kisa hiki yalichapwa mwaka 1676, hakukifumbua.

"Huyo mzee basi, uongo wake naujua: alikuwa na jambo lake la kuficha," akasema, akifunga mlango wa gari. "Lakini John. Kwa nini amtaje mama yake?"

Akawasha gari, tukaanza kuteremka kabla giza halijaingia.