Teksi za Munich na swali la mjomba

Wadau, wiki iliyopita niligonga bajaji. Ilikuwa jioni, mvua inanyesha, niko Barabara ya Morogoro, foleni inakwenda na kusimama. Bajaji ya mbele ikasimama ghafla. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote, pedali ikatetemeka mguuni, gari halikuserereka hata kidogo. Lakini halikuwahi kusimama. Taa ya nyuma ya bajaji ikavunjika, nikalipa, yakaisha. Namshukuru Mungu hakukuwa na mtu aliyeumia.

Mjomba, aliyenifundisha kuendesha kwenye pikapu isiyo na cha maana zaidi ya breki na honi, aliuliza swali moja tu: "Ulikuwa umeacha nafasi kiasi gani?" Nikamjibu, "Mjomba, gari lina ABS." Akacheka sana. Kicheko kile ndicho kilichonifanya nichimbe historia.

Haya tuanze. Kile tunachokiita udereva wa kujihami kina umri mkubwa kuliko hizi breki. Mwaka 1952 huko Marekani, Harold Smith alianzisha kampuni ya kufundisha madereva, na masomo yake yalikuwa matano: tazama mbali, ona picha nzima ya barabara, macho yasitulie mahali pamoja, jiachie nafasi ya kutokea, na hakikisha wenzako wanakuona. Mwaka 1964 Baraza la Taifa la Usalama la nchi hiyo nalo likaanzisha kozi yake. Msingi ni mmoja: chukulia kwamba mwenzako atakosea, na ujiandae kabla hajakosea.

Kisha mwaka 1978 Mercedes-Benz na Bosch wakaleta ABS ya kielektroniki kwenye gari la S-Class. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Ukikanyaga breki ghafla kwenye utelezi, tairi hujifunga na gari huserereka bila kufuata usukani. ABS hutambua tairi linataka kujifunga, hulegeza breki na kuibana tena mara nyingi ndani ya sekunde moja, ili uendelee kukata kona ukiwa umekanyaga. Kwa hiyo wengi walitarajia ajali zipungue.

Hapo ndipo teksi za Munich zinapoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Ujerumani Magharibi walichukua teksi za kampuni moja ya mji huo. Baadhi zilikuwa na ABS, nyingine hazikuwa nayo, mengine yote sawa. Wakazifuatilia kwa miaka 3. Zikatokea ajali 747, na zenye ABS hazikuwa na nafuu yoyote!

Kwa nini? Watafiti walipanda teksi hizo kama abiria, bila kujua ipi ina ABS na ipi haina. Madereva wa zenye ABS walikata kona kwa kasi zaidi, walisogelea zaidi gari la mbele, na hawakutulia vizuri kwenye njia yao. Kwa maneno mengine, usalama waliopewa na fundi waliutumia wote kununua mwendo. Baadaye kampuni ilipowataka madereva walipe sehemu ya gharama za matengenezo, ajali zikapungua. Breki zilikuwa zilezile, kilichobadilika ni mtu aliyeshika usukani.

Sasa, asije mtu akasema vifaa ni upuuzi. Mkanda wa pointi 3, uliobuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, umeokoa watu wengi mno. Mfumo wa kuzuia gari kupoteza mwelekeo, ulioanza kuuzwa mwaka 1995, umepunguza sana ajali za gari kupinduka lenyewe. Lakini angalia: mkanda haukusaidii kufika mapema. Kifaa kinachokupa ujasiri wa kukimbia ndicho kinachodai nidhamu.

Na kadiri gari linavyojifanyia kazi, ndivyo deni linavyokua. Mei 2016 huko Florida, Tesla iliyokuwa ikijiendesha kwa mfumo wa Autopilot ililivaa lori lililokuwa likikatiza barabara. Breki haikukanyagwa, si na gari wala na mtu, na dereva akafariki. Wachunguzi wa serikali walisema mwenye lori alipaswa kusubiri. Walisema pia kwamba dereva wa gari dogo alikuwa ameutegemea mno mfumo: katika dakika 37 za kuutumia, gari lilihisi mikono yake kwenye usukani kwa sekunde 25 tu.

Hapa kwetu magari mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, na ABS huja nayo. Tunajifunza kuwasha redio yake kabla ya kujua pedali inatetemeka kwa sababu gani. Mimi ni mmoja wao.

Nilimsimulia mjomba habari za Munich. Akasema, "Sasa nijibu swali langu." Nikakiri: nilikuwa nimeacha kama urefu wa bajaji moja, kwenye mvua. Akasema, "Basi hiyo ABS yako ndiyo iliyokusogeza pale."

Je, mdau, wewe ukiwa kwenye foleni ya mvua unaacha nafasi kiasi gani?