Kubadili madirisha kwa kibodi katika Linux yenye monita nyingi

Kubadili madirisha kwa kibodi ni kuiambia kompyuta, kwa vitufe tu na bila kugusa mausi, ni dirisha lipi lipokee maandishi. Kwenye monita moja jambo hili ni jepesi, kwa sababu dirisha linaloandikiwa kwa kawaida ndilo lililo juu ya mengine. Mezani penye monita mbili au tatu, kila monita huonyesha dirisha lake wazi, na ni moja tu kati ya hayo lenye kibodi. Asiyeangalia vizuri huweza kuandika nenosiri lake ndani ya dirisha la gumzo, mbele ya wenzake wote.

Katika Linux kazi hii iko mikononi mwa kisimamizi cha madirisha, yaani programu inayoyapanga madirisha, kuyachorea mipaka na kuamua lipi lina kibodi. Kwa miongo kadhaa visimamizi hivyo vilikaa juu ya X Window System, mfumo ulioanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, na kufikia toleo lake la 11 mwaka 1987. Katika mpangilio wake wa zamani kila monita ilihesabiwa kuwa skrini inayojitegemea, na dirisha lililofunguliwa kushoto halikuweza kuvushwa kwenda kulia. Kiendelezi cha Xinerama kiliziunganisha monita kuwa uwanja mmoja mpana. Kisha RandR 1.2, ya mwaka 2007, ikawezesha monita kuchomekwa na kuchomolewa kompyuta ikiwa kazini. Tangu hapo swali likawa jingine: katika uwanja huo mmoja, mkono utalifikiaje dirisha linalotakiwa?

Jibu linalojulikana na wengi ni Alt+Tab, ambayo huyapanga madirisha kwa foleni ya matumizi: lililotumika karibuni huwa mbele. Tuseme mhariri ana makala kwenye monita ya kushoto, na kamusi na barua pepe, kila moja katika programu yake, kwenye monita ya kulia. Akitoka kwenye makala kwenda kwenye kamusi hubonyeza mara moja. Akirudi, mara moja tena. Hapo hakuna taabu. Lakini akiingia kwenye barua pepe mara moja tu na kurejea kwenye makala, foleni imeshageuka. Anabonyeza Alt+Tab kama alivyozoea, na badala ya kamusi anajikuta tena kwenye barua pepe. Kamusi haijasogea hata kidogo. Iko palepale kulia, anaiona kwa macho yake, ila vidole vyake havina tena njia ya uhakika ya kuifikia. Hii ndiyo kasoro kubwa ya Alt+Tab penye monita nyingi: macho yanafuata mahali, foleni inafuata wakati.

Mazingira makubwa ya eneokazi yamelishughulikia tatizo hili kwa viwango tofauti. GNOME, tangu toleo la 3 la mwaka 2011, hupanga Alt+Tab kwa programu badala ya madirisha. Kwa hiyo kurasa mbili zilizo katika madirisha mawili ya kivinjari kimoja huonekana kama kitu kimoja, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine kunahitaji Alt pamoja na kitufe kilicho juu ya Tab. Tena, kwa mpangilio wa kuanzia, maeneo ya kazi, yaani makundi ya madirisha yanayoonyeshwa kwa zamu, hubadilika kwenye monita kuu peke yake. Madirisha ya monita ya pili hubaki yalipo hata mtumiaji ahamie eneo gani. Kwa anayetaka kuacha ratiba au mazungumzo yakionekana siku nzima, huo ni uamuzi mzuri. KDE Plasma inampa mtumiaji uhuru zaidi. Kibadilishi chake kinaweza kuamriwa kionyeshe madirisha ya monita iliyo kazini tu, na kuna seti ya pili ya vitufe inayoweza kupewa masharti yake yenyewe. Zipo pia amri za kuruka moja kwa moja hadi monita fulani, ambazo mtumiaji anaweza kuzipangia vitufe avitakavyo.

Suluhisho lililo imara zaidi lilitoka kwa waandishi wa visimamizi vya vigae, vinavyoyaweka madirisha ubavu kwa ubavu bila kufunikana. Hivi viliacha foleni vikachukua anwani. Katika dwm, iliyotolewa mwaka 2006 na kuandikwa kwa nia ya kutozidi mistari 2,000 ya msimbo, kila monita ina lebo zake tisa za kuyagawa madirisha katika makundi, na kitufe cha mkato au cha nukta, kikibonyezwa pamoja na kitufe cha amri, huhamisha kibodi kwenda monita ya jirani. Ukiongeza Shift, dirisha lenyewe ndilo linalohama. Katika xmonad, ya mwaka 2007 na iliyoandikwa kwa lugha ya Haskell, herufi w, e na r husimama badala ya monita ya kwanza, ya pili na ya tatu, huku maeneo ya kazi yakiwa mali ya monita zote. Ukiita eneo ambalo tayari linaonekana kwenye monita nyingine, monita hizo mbili hubadilishana. Wageni hushtuka kuona hivyo, ingawa wengi waliozoea hawataki tena kurudi nyuma.

i3, ya Michael Stapelberg wa Ujerumani, iliyoanza mwaka 2009, ilitangaza mapema kwamba kuzihudumia monita nyingi ipasavyo ni moja ya malengo yake. Kila eneo la kazi liko kwenye monita moja kwa wakati mmoja. Mstari mfupi katika faili la mipangilio, kama vile «workspace 1 output HDMI-1», hulifunga eneo la kwanza kwenye monita hiyo. Kuanzia hapo kitufe cha amri pamoja na 1 humpeleka mtumiaji huko kila mara, awe alikuwa wapi kabla. Vitufe vya mwelekeo navyo huvuka mpaka: ukifika dirisha la mwisho la kulia, hatua inayofuata inakuingiza kwenye monita ya jirani. Mwalimu akichomoa waya wa projekta, maeneo yaliyokuwa huko huhamia kwenye skrini ya kompyuta yake. Akiuchomeka tena, yaliyopangiwa projekta hurudishwa. Hata kishale cha mausi hakikusahaulika. Kibodi ikihamia monita nyingine, kishale nacho hupelekwa huko, maana kikiachwa nyuma mguso mdogo wa mausi ungeweza kuirudisha kibodi kulikotoka.

Wayland, mradi ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, umebadilisha mipaka ya jambo hili. Chini ya X, programu yoyote ingeweza kuorodhesha madirisha ya programu nyingine na kuyaleta mbele. Ndivyo programu za wmctrl na xdotool zinavyofanya kazi. Wayland imefunga mlango huo kwa ajili ya usalama, na sasa vitufe vya kubadili madirisha viko chini ya kisimamizi chenyewe. Sway, inayofuata mpangilio wa i3 ndani ya Wayland na iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2019, inaonyesha kwamba mbinu ya anwani haikupotea.

Kwa mwenye maumivu ya kifundo cha mkono, au asiyeweza kushika mausi kabisa, haya yote si anasa. Wala si lazima ahame mazingira aliyozoea. Kwenye Plasma anaweza kuiwekea Alt+Tab mpaka wa monita moja na kuzipangia vitufe amri za kuruka kati ya monita. Kwenye GNOME, kitufe cha Super pamoja na namba 1 hadi 9 huita programu zilizobandikwa kwenye upau wake kwa mpangilio usiobadilika. Azibandike zile anazozitumia kila siku, kisha asizihamishe.