Tairi Lisilo na Misumari

Ukiona Vitz au Demio iliyoshuka juzi Mombasa, kabla haijapigwa namba za kwetu, inama usome ubavu wa tairi. Utakuta jina la kampuni na namba za saizi. Ukibahatika utakuta pia neno moja kwa herufi kubwa, STUDLESS, yaani lisilo na misumari. Hilo ni tairi la theluji. Pengine lilikuwa linakanyaga barafu Hokkaido au Nagano, na leo liko Kirinyaga Road likingoja mteja.

Mimi neno hilo lilinikwama. Nani huita kitu kwa jina la kile ambacho hakina? Hatusemi matatu isiyo na mabawa. Ukisikia jina la aina hiyo, jua misumari ilikuwepo, watu wakaizoea, kisha ikaondolewa, na haikuondoka kwa hiari.

Wengi wetu swali la tairi la baridi hutufikia siku binamu aliyehamia Edmonton au Minnesota anapouliza kwenye grupu la familia kama kweli ni lazima, ama ni watu wa gereji wanataka kumla pesa. Jibu fupi: weka, tena yote manne. Akiweka mawili ya mbele peke yake, mbele itashika na nyuma itateleza, gari lizunguke kama mbwa anayefukuza mkia wake. Na asidanganywe na gari linalosukuma magurudumu yote manne. Hilo litamsaidia kuondoka. Kusimama ni shughuli nyingine kabisa.

Sababu iko kwenye mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kawaida ukipigwa na baridi hukakamaa, ukaacha kuishika barabara. Watengenezaji hutaja nyuzi 7 za Selsiasi kama mahali pa kuanza kufikiria kubadilisha. Tairi la baridi huchanganywa liwe laini hata chini ya sifuri, na meno yake huchanjwa mikato midogo midogo, kama chale, ili kingo za mikato hiyo ziume theluji. Sasa lilete tairi hilo hilo kwetu. Nairobi, hata Julai ile ya kuvaa jaketi mbili, mchana haigusi nyuzi 7. Kwenye lami ya moto ya Mlolongo mpira laini unaisha kama kifutio cha mtoto wa darasa la kwanza, na ukikanyaga breki gari linasafiri zaidi kabla ya kusimama. Kwa hiyo kama Vitz yako ilikuja nayo, badilisha tu, hata kama fundi anakwambia bado yana meno.

Hilo ni jibu la mtu mmoja na gari lake. Kuna mji mmoja ambako watu walijibu swali hilo kila mtu kivyake, wote wakapata, na kwa pamoja wakaharibu hewa yao.

Lakini tuanzie Ufini. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira cha huko kilitoa tairi la malori lililobuniwa mahususi kwa theluji. Miaka miwili baadaye likaja la magari madogo, likaitwa Hakkapeliitta, jina la wapanda farasi wa Kifini waliopigana katika jeshi la Uswidi karne ya 17. Jina hilo linauzwa mpaka leo. Kiwanda chenyewe kilikuwa katika mji wa Nokia. Ndiyo, Nokia ile ile. Mwaka 1967 kampuni ya mpira, ya nyaya na ya karatasi ziliungana, na ukoo huo ndio uliokuja kuzaa mulika mwizi ya shosho yako.

Meno makubwa yalitosha kwa theluji laini. Kwa barafu hayakutosha. Barafu ikikaribia nyuzi sifuri hukaa na utando mwembamba wa maji juu, na tairi linaelea kwenye utando huo. Basi kufikia miaka ya 1960 watu wa kaskazini mwa Ulaya walikuwa wakichomeka vipini vya chuma kigumu kwenye mpira. Msumari unatoboa barafu, unashika. Wazo rahisi, na lilifanya kazi. Lilienea Ulaya, likaingia Marekani na Kanada, likafika Japani.

Shida ya msumari ni kwamba haujui barafu imeisha. Ukikosa barafu, unachimba lami. Minnesota waliona barabara zao zikilika wakapiga marufuku mwaka 1971. Ujerumani Magharibi ikafuata mwaka 1975. Kote huko hoja kubwa ilikuwa barabara na gharama ya kuzikarabati.

Japani hoja iligeuka ikawa mapafu.

Sendai ni mji wa kaskazini-mashariki, upande wa bahari ya Pasifiki. Unajulikana kama mji wa miti, jina ambalo wenyeji wanajivunia. Majira ya baridi kule si kama Sapporo. Theluji inaanguka, inakaa kidogo, jua linatoka, inayeyuka. Kwa hiyo siku nyingi za baridi barabara ni kavu. Lakini hakuna anayebadilisha tairi kila asubuhi kulingana na hali ya hewa. Unafunga ya misumari baridi inapoanza, unayatoa majira ya kuchipua. Katikati hapo ni miezi ya maelfu ya magari kusaga lami kavu kwa chuma, kutwa kucha.

Ikawa vumbi. Vumbi la lami na mawe, la kijivu, likiruka usawa wa pua ya mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Sendai walikuwa wakitembea na barakoa na leso mdomoni. Nguo zilizoanikwa zilirudi ndani chafu kuliko zilivyotoka. Watu wakauita mji wao jangwa la Sendai. Mji wa miti, jangwa. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri matatu pembeni ya barabara inayojengwa anaweza kuonja hali hiyo, ila sisi angalau tunajua mkandarasi ataondoka siku moja. Kule mkandarasi alikuwa kila mwenye gari.

Na huyo mwenye gari hakuwa mjinga. Hapa ndipo mimi husita kuwahukumu. Kuna asubuhi moja ambayo daraja limeganda, una watoto nyuma, na msumari ulishika barafu kuliko mpira wowote uliokuwa sokoni. Ukiutoa wewe peke yako, vumbi halipungui hata kijiko, na hatari yote unaibeba wewe. Kwa nini uanze wewe? Jirani naye anawaza hivyo hivyo. Kumwambia mtu kama huyo "jali mazingira" ni kupoteza mate.

Ndiyo maana kilichosaidia kilikuwa kelele za pamoja. Wakazi walilalamika, mawakili wakaingia, na mwaka 1985 mkoa wa Miyagi, ambao Sendai ndiyo makao yake makuu, ukapitisha sheria ndogo ya kuyabana matairi hayo. Kisha mawakili wa Nagano wakafanya jambo ambalo mimi naliona la akili zaidi: hawakumfuata dereva, waliwafuata waliotengeneza. Walipeleka kampuni za matairi mbele ya tume ya serikali ya kusuluhisha migogoro ya uchafuzi. Mwaka 1988 kampuni 7 zikakubali kuacha kutengeneza tairi la misumari mwishoni mwa 1990, na kuacha kuliuza mwishoni mwa Machi 1991. Bunge likapitisha sheria ya nchi nzima mwaka 1990. Kuanzia Aprili 1992, ukikamatwa na misumari kwenye barabara kavu katika maeneo yaliyotajwa, faini ilifika hadi yeni 100,000. Ambulensi, magari ya zima moto na madereva wenye ulemavu waliachwa nje ya katazo.

Kampuni hazikukubali kwa roho safi tu. Mwaka huo huo wa 1988 Bridgestone ilizindua Japani tairi la Blizzak, ambalo mpira wake una vitundu vidogo mno, kama sponji. Ule utando wa maji unanyonywa na vitundu, mpira unagusa barafu yenyewe. Kwa hiyo msumari ulikuwa umepata mrithi, na mrithi alikuwa na bei nzuri. Kampuni nazo zilikuwa na kitu kipya cha kuuza. Sheria ikija wakati kuna mbadala dukani hupita kwa urahisi ambao wanaharakati wengi huutamani. Ndiyo maana ya neno lile la ubavuni.

Sendai ikapumua. Sapporo ikaanguka, na sisemi kwa mafumbo.

Sapporo ni mji wa watu zaidi ya milioni moja na nusu unaopokea karibu mita 5 za theluji kwa mwaka. Zamani misumari ilikuwa inakwaruza barafu ya barabarani na kuiacha na uso mkavu wenye mikwaruzo. Matairi mapya hayakwaruzi. Yanazunguka na kusimama juu ya theluji iliyoshindiliwa, maelfu kwa maelfu, hasa karibu na taa za trafiki, mpaka inang'aa kama kioo. Wajapani wana neno la utelezi wa namna hiyo, tsurutsuru. Tangu majira ya baridi ya kwanza baada ya katazo, idadi ya watu waliobebwa na ambulensi baada ya kuteleza na kuanguka ilipanda. Wazee kwa wingi. Nyonga, kifundo cha mkono, kichwa.

Hao wengi hawakuwa ndani ya gari lolote. Walikuwa wanavuka barabara kwenda sokoni. Misumari ilipokuwepo walivuta vumbi lake, ilipoondoka wakavunjika mifupa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa afunge tairi gani. Hata hivyo sheria haikurudishwa nyuma, na nadhani ilikuwa sawa. Ufini na Uswidi bado wanaruhusu misumari, lakini Stockholm iliipiga marufuku kwenye mtaa wa Hornsgatan mwaka 2010 kwa sababu ya vumbi lile lile, na Oslo dereva mwenye misumari hulipia kibali.

Sapporo walichofanya ni kuanza kumwaga dawa ya kuyeyusha barafu, kupasha joto baadhi ya njia za miguu kutoka chini, na kuweka masanduku pembeni ya vivuko. Ndani ya sanduku kuna changarawe iliyofungwa kwenye mifuko midogo. Anayetaka kuvuka huchukua mfuko mmoja, hupasua, humwaga mbele ya miguu yake, halafu hupita.